Mama Kafuata Mdundiko

Naanza na malalamiko, maana ndiyo niliyo nayo. Sebuleni kwangu hapa Mbagala, juu ya kabati la vyombo, kati ya king'amuzi kilichoishiwa kifurushi na maua ya plastiki ya mama watoto, kuna marimba ya Kigogo. Kwetu tunaiita ilimba. Niliinunua kwa hela yangu halali kwa fundi mmoja Bagamoyo, nikaipakata kwenye daladala mbili kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, kila tuta nikiinyanyua isigongwe, nikijua nawapelekea wanangu urithi wao. Leo urithi huo una vumbi la kuandikia jina, una sarafu ya shilingi mia ndani ambayo hakuna anayekiri kuitumbukiza, na chuma chake kimoja hakipo. Nilikiona juzi. Mama watoto alikuwa anafungulia nacho kopo la rangi.

"Baba watoto, si ulisema vipo vingi?"

Vipo vingi, ni kweli. Sasa hiyo nayo ni hoja?

Mambo yote yalianzia kwenye mahafali ya kitindamimba wetu, ya chekechea. Siku hizi mtoto wa miaka sita anahitimu, anavaa joho na kofia ya bapa, na mzazi anachangia. Safari hii karatasi ya michango ilikuwa na kipengele kipya: "mavazi ya ngoma ya asili, 15,000/=". Nikalipa kwa moyo mkunjufu, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nikasema hatimaye shule imepata akili.

Siku ikafika. Watoto wakatoka mstari mmoja, wamevaa sketi za katani zilizotiwa rangi ya kijani na nyekundu, wamechorwa madoa meupe usoni kiasi kwamba wangu sikumtambua. Nusu nzima ya wimbo nilikuwa nampigia makofi mtoto wa mwenzangu. Spika ikafunguliwa. Wakaruka juu mara nne, wakageuka, wakaruka tena mara nne, wakakaa. Kwisha. Nikamfuata mwalimu kwenye foleni ya pilau.

"Mwalimu, hongera. Hii ngoma ya wapi?"

"Ya asili, mzazi."

"Asili ya wapi?"

"Ya asili tu, mzazi. Umeshachukua soda?"

Mimi nimezaliwa Dodoma, nimeoa Mzaramo wa Kisarawe, na nimefanya kazi Mwanza miaka minne. Sijaona kabila lililokuwa likijifunga katani kiunoni kwa hiari yake. Inawasha. Tena hiyo katani yenyewe ni mgeni kama wageni wengine: aliileta Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche elfu moja ilianza safari Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62. Kwa hiyo asili yetu ya elfu kumi na tano ilishuka na meli. Yote haya nilimweleza mwalimu pale pale kwenye foleni. Akaniletea soda ya pili bila kuombwa, ndipo nikajua anataka niondoke.

Usiku ule nikawakusanya wanangu watatu sebuleni, nikazima televisheni, nikasimama. Nikawaambia habari za Desemba 1962, Mwalimu Nyerere amekuwa Rais, nchi ndiyo kwanza imekuwa jamhuri, anahutubia Bunge. Katika mambo yote makubwa aliyokuwa nayo ya kusema, alipata nafasi ya kulalamika kwamba rumba tunaijua, chachacha tunaijua, twisti hadi waltz tunazijua, lakini ukiuliza gombe sugu, kiduo au lele mama, wengi hata jina hatujawahi kulisikia. Akaunda wizara nzima ya utamaduni wa taifa na vijana kwa sababu hiyo. Niliyasema haya kwa sauti nzito, mkono mmoja mgongoni, kama niliyekuwepo bungeni.

Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili na ana tabia ya kusikiliza, tabia mbaya sana kwa mtoto.

"Kwani baba, wewe gombe sugu unaijua?"

Nikawaambia wakalale.

Lakini mimi nikianza jambo siachi, waulize mafundi. Nikatangaza kipindi: kila Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya kufua, kabla ya katuni. Kipindi cha kwanza nikampa Hukwe Zawose. Huyu ni Mgogo mwenzangu, mzaliwa wa Doduma, mwaka 1938, aliyetoka huko na zeze na ilimba yake akaimba mpaka watu wa Ulaya wakawa wanalipa kiingilio kumsikiliza, kisha akarudi zake Bagamoyo, na huko ndiko alikofia mwaka 2003. Sauti ya mzee yule hushuka ukadhani inatoka kisimani, halafu ghafla inapanda kama ya mwanamke anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Nikaweka wimbo kwenye spika, nikaegemea kochi, nikafumba macho. Nikawaza ng'ombe, vumbi la jioni, harufu ya mlenda.

Nilipofumbua, mtoto wa kati alikuwa na simu yangu mkononi na mzee Zawose alikuwa anaimba kama anayefukuzwa na nyuki.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka spidi mara mbili, baba. Sasa si ndiyo imekaa kama singeli?"

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba walikuwa wanacheza. Wote watatu, hata huyu mkubwa anayejifanya mtu mzima, mabega yanakwenda. Dakika mbili nzima. Nami kwa ujinga wangu nikanyoosha mkono nikaurudisha wimbo kwenye mwendo wake wa heshima. Wakakaa.

Jumamosi ya pili nikaweka zeze. Hatukufika nusu saa, hodi. Jirani wa ukuta wa pili kasimama mlangoni, kanga begani, uso ameuvaa wa mambo mazito.

"Tumesikia, tukasema tusikae kimya. Poleni sana."

"Pole ya nini, jirani?"

"Kwani hamna msiba?"

Nikaona tatizo ni spika, watoto wa siku hizi wanataka kuona. Nikawapeleka Bagamoyo, nauli ya watu watano kwenda na kurudi, na mihogo ya njiani juu. Pale kuna chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na tulibahatika kukuta vijana wako mazoezini, ngoma zinapigwa hadi unazisikia kwenye meno. Kitindamimba aliuliza mara sita kama bahari ni ya bure. Wa kati alikula. Binti mkubwa alijipiga picha, na kwa mbali, nyuma ya bega lake la kushoto, ngoma ilitokea, nusu. Ndipo kwa hasira nikaenda kununua ilimba.

Hapa lazima nieleze kidogo, mama watoto akisoma anaweza kuruka. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopondwa, na zile kubwa zina vyuma zaidi ya sitini. Vingine havipigwi kabisa, kazi yake ni kutetemeka vingine vikipigwa, kama wajumbe wa kamati ya harusi. Kisha kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe, mgumu kama karatasi, anaofunikia mayai yake. Huo ndio unaotoa ule mkwaruzo, kama nyuki kafungiwa ndani ya chupa. Bila utando unabaki na sanduku la vyuma.

Kitindamimba alipitisha kidole kwenye utando dakika ya nne tangu niingie nao nyumbani.

Sikumpiga. Nilichukua tochi nikazunguka nyumba nzima, dari, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, stoo. Hakuna. Nimeoa mwanamke msafi, hayo ndiyo matatizo yangu. Ufagio wa dari anaupitisha kila Ijumaa, na buibui wa mtaa huu wameshaelezana. Ikabidi niende kwa jirani, yule yule wa msiba.

"Jirani, samahani sana kukusumbua. Una buibui?"

Akaniangalia kwa huruma, akaingia ndani. Nikasubiri nikidhani kaenda kuchungulia stoo. Akarudi na buibui lake jeusi, limekunjwa, limepigwa pasi, linanukia udi.

"Mwambie mama watoto asiwe na wasiwasi, alirudishe tu kabla ya Ijumaa. Na poleni tena."

Nililipokea. Ungefanyaje?

Utando niliupata baada ya siku tatu, kwenye choo cha gereji. Nikaubandika, nikapiga, ikalia vizuri mno, machozi yakanilenga. Binti mkubwa akaja na simu yake. Yuko kwaya ya shule, wamewekewa programu ya kupimia sauti.

"Baba, hii sauti inaangukia katikati, siyo hii siyo ile. Watakuwa wamekuuzia mbovu."

Nikamweleza kwamba ngazi ya Kigogo haikukopwa kwenye piano. Inatokana na zile sauti zinazojizalia zenyewe ndani ya uzi mmoja ukiupiga, moja juu ya nyingine, na ndiyo maana Wagogo wanaweza kukaa chini ya mbuyu wakaimba sauti tatu nne zikaingiliana bila mtu wa kunyoosha kijiti mbele yao. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza jambo vizuri vile. Akasema, "Sawa, baba." Wenye mabinti wa kidato cha pili mnaijua "sawa, baba" hiyo.

Basi ikaenda juu ya kabati.

Halafu nikapata nguvu mpya, maana mama yangu alikuja toka Dodoma kutolewa mtoto wa jicho. Akashuka stendi na kikapu cha karanga na kuku mmoja mwenye hasira, akawasalimu abiria wote "mbukwenyi" hata waliokuwa hawajui aitikiwe nini. Wiki iliyofuata akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na bandeji jichoni, na amri ya nesi: kutulia, kutoinama, kutokaa kwenye vumbi.

Sasa mama ni mpiga muheme. Wasiojua wajue: muheme kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake, wao ndio wapigaji. Mwanamke anaibana ngoma mapajani, anainama nayo kidogo, na mikono inakwenda mpaka huioni. Nikajiambia Mungu si Athumani, mwalimu kaletwa hadi mlangoni, na kwa bandeji ile hana pa kwenda. Jumamosi saa nne nikawapanga watoto mkekani. Nikamwekea mama ndoo ya lita ishirini, kwa kuwa ngoma sina.

"Mama, wafundishe wajukuu zako muheme."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni Jumamosi."

"Mmevuna?"

"Tuko Dar es Salaam, mama."

"Kuna mwali?"

"Hakuna mwali."

Akaisogeza ndoo kwa mguu. "Sasa nipige ngoma kwa sababu nimekaa?"

Nikabadili njia. Nikamuuliza, yeye mwenyewe alifundishwa na nani. Akafikiri muda mrefu, jicho moja limekodolea ukutani.

"Hakuna aliyenifundisha. Tulikuwa tunafukuzwa. Tukifukuzwa tunazunguka nyuma ya tembe, tunarudi."

Akaomba chai. Watoto wakaomba katuni. Kipindi kikavunjika saa nne na dakika kumi na mbili, niliangalia saa.

Jioni ya siku hiyo hiyo, saa kumi hivi, niko bafuni na sabuni kichwani, nikasikia debe. Baada ya debe, ngoma. Mtu wa mjini hahitaji kuelezwa, lakini kwa ndugu zangu wa bara: huo ni mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayotembea. Kuna mwali anatolewa mahali, au harusi, au sherehe nyingine ya kwao, basi wapigaji wanashika barabara na watu wanaungia nyuma. Kila mzazi wa Dar es Salaam anajua kwamba mdundiko ukipita, kwanza hesabu watoto. Kuna watu wazima leo, wana vyeo na vitambi, ambao waliwahi kutangazwa kwenye kipaza sauti cha msikiti wakiwa na miaka saba, wamevaa kaptura ya kaki, wanatafutwa na mama yao.

Nilitoka na taulo. Televisheni inajichezea katuni peke yake. Mlangoni kuna kandambili moja, ya kulia, ya kitindamimba.

"Mama watoto! Watoto wako wapi?"

"Si wako na mama hapo sebuleni?"

Tukakiangalia kiti cha mama. Mkongojo umeegemezwa pale pale. Mwenyewe hayupo.

Nilivaa shati juu ya povu. Bodaboda akaniuliza twende wapi, nikamwambia fuata kelele. Toka Kizuiani naulizia njia nzima. Wa kwanza, muuza mahindi, hakuona. Wa pili, fundi cherehani, akauliza: "Bibi mwenye bandeji jichoni? Yule anayecheza?" Nikasema siyo huyo, wangu kafanyiwa operesheni. Wa tatu akasema yuko mbele kabisa, jirani na ngoma, na anacheza kwa mtindo ambao wao hawajauona. Nikamwambia bodaboda aongeze mwendo.

Niliwakuta mitaa ya nyuma ya Rangi Tatu. Mdundiko ulikuwa umepumzika, ngozi zimelegea, wapigaji wamewasha moto wa maboksi na kuziegemeza ngoma pembeni zipashe. Harufu ya ngozi iliyopata joto, wanaoijua wanaijua. Kijana mmoja anaigeuza yake polepole, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Na pembeni yake, amechuchumaa kwenye vumbi lote la wilaya ya Temeke, mama yangu.

"Bado," anamwambia. "Hiyo bado ina maji."

Kijana anaigonga tena. "Sasa je, bibi?"

"Sasa."

Akaichukua yeye. Hakuomba, aliichukua tu kama anayechukua sufuria yake, akakaa kwenye tofali, akaibana mapajani. Wazaramo wakaanza wao, yeye akaanza wake, na haikuingia hata kidogo. Ilikuwa kama watu wawili wanaogombania mlango. Wakasimama, wakacheka. Mara ya pili ikawa nafuu. Mara ya tatu yule wa debe akapunguza, mama akasogea mbele kidogo, na sijui walipitana wapi, lakini walikutana. Mzee mmoja mwenye kofia akapiga kelele kwa furaha. Wakaondoka nayo.

Binti yangu wa kidato cha pili, mwenye programu ya kupimia sauti, alikuwa na debe. Simu simuoni nayo. Jasho linamtiririka na anaitikia kwa Kizaramo wimbo ambao nusu saa nyuma hakuwa anaujua. Wa kati amekabidhiwa kubeba fimbo za akiba, amezikumbatia kama bunduki. Kitindamimba yuko mabegani kwa mtu nisiyemfahamu, kandambili moja haipo, nyingine iko nyumbani, anaimba maneno ambayo nadhani si maneno.

Nikaona saa ya baba imefika. Nikasogea katikati, nikakunja mikono ya shati, nikatafuta mahali pa kuingilia.

"Baba," binti akanipigia kelele juu ya debe, "umesimama njiani!"

Nikapisha. Nikazunguka nyuma ya kibanda cha chipsi, nikatokea upande wa pili.

Tulirudi nyumbani saa mbili usiku, mama watoto akiwa ameshaenda kwa mjumbe na kurudi. Aliposikia ni mdundiko wa kina nani, akakasirika upya, maana aliyekuwa anatolewa ni mjukuu wa shangazi yake wa Kisarawe na hakualikwa. Jumatatu kliniki nesi alifungua bandeji, akaangalia, akauliza vumbi hili lote limetoka wapi. Mama akanigeukia na lile jicho zima. Nikasema daladala.

Ilimba bado iko juu ya kabati. Buibui la jirani limeshapigwa pasi na atalipata kabla ya Ijumaa. Na kama kuna msomaji aliyekuwepo siku ile akaokota kandambili ya bluu ya mtoto, ya mguu wa kushoto, mahali popote kati ya Kizuiani na Rangi Tatu, namwomba aiache kwa mjumbe wake. Ya kulia tunayo.